Dawa ya Miezi Mingi kwa Mtoto Anayefunga Choo: Tuulize, Tusimwache Njiani



Wapendwa vijana wa parokia zetu, neno tunalotaka kulitafakari pamoja nanyi safari hii si la kawaida katika ukurasa huu, na pengine wengine kati yenu watacheka kabla ya kusoma. Ni habari ya watoto wanaofunga choo, na ya wazazi wanaoogopa dawa ambazo watoto hao wameandikiwa kwa miezi mingi. Hata hivyo Bwana wetu mwenyewe, katika sura ya saba ya Injili ya Marko, alipofundisha juu ya kinachomtia mtu unajisi, hakuona haya kutaja chakula kinachoingia tumboni na kuishia chooni. Basi nasi tusione haya. Mwili ambao Mungu aliuumba, na ambao Mwanawe aliutwaa, hauna sehemu isiyostahili kutazamwa kwa heshima, na zaidi sana ukiwa mwili wa mtoto anayeumia.

Tunawaandikia ninyi, wala si wazazi peke yao, kwa sababu tunajua jinsi mambo yanavyokwenda katika jamaa zetu. Anayembeba mdogo mgongoni wakati mama yuko sokoni au shambani ni dada yake mkubwa. Anayetumwa kununua dawa ni kijana. Anayesoma karatasi ya Kifaransa iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa ni kijana, na anayeleta nyumbani maneno aliyoyaona katika simu ni kijana vilevile. Mara nyingi neno lenu ndilo linalofanya dawa iendelee au itupwe.

Swali lenyewe ni hili: je, ni salama kumpa mtoto dawa ya kulainisha choo kwa muda mrefu? Wengi hujibu upesi kwamba si salama. Kwamba utumbo utazoea, utakuwa mvivu, na mtoto hataenda chooni bila dawa maisha yake yote. Wakiisha kusema hivyo, huikata dawa baada ya siku chache. Sisi tunaona kwamba swali ni la haki kabisa, lakini jibu hilo la haraka humrudisha mtoto katika maumivu yale yale aliyokuwa ameanza kutoka.

Ugonjwa unavyojijenga

Ili tuelewe kwa nini waganga wa hospitali huandika dawa ya miezi, yafaa tujue ugonjwa unavyoanza. Mara nyingi huanza na jambo dogo: mtoto alikuwa na homa akapungukiwa maji mwilini, au amebadilishiwa chakula, au ameanza shule naye anaogopa choo cha huko. Siku moja choo kikatoka kigumu, kikamwumiza. Tangu siku ile anajifunza kukizuia. Hukaza miguu, hujificha nyuma ya mlango, husimama juu ya ncha za vidole. Watu wazima hudhani anajikamua, kumbe anazuia. Lakini kazi mojawapo ya utumbo mpana ni kunyonya maji. Kadiri choo kinavyokaa humo, ndivyo kinavyokauka na kuwa kigumu. Kikitoka kinaumiza zaidi, na mtoto anapata sababu mpya ya kukizuia kesho.

Majuma na miezi yakipita, sehemu ya mwisho ya utumbo hutanuka kama mfuko uliojazwa kupita kiasi, nayo hupoteza hisia. Mtoto hasikii tena haja. Choo chepesi hupita kando ya kile kigumu na kuchafua nguo bila yeye kujua. Hapo wengine husema mtoto anahara, nao humpa dawa ya kuzuia kuhara, ambayo humfunga zaidi. Wengine husema ni uchafu na ukaidi, nao humpiga. Mtoto wa miaka 6 au 7 anapigwa kwa jambo ambalo hawezi kulisikia wala kulizuia, tena mbele ya wadogo zake. Hilo ni kosa dhidi ya haki, hata kama limefanywa kwa nia ya kulea.

Utumbo uliotanuka kwa miezi haurudi katika hali yake kwa siku tatu. Ndiyo maana mwongozo uliotolewa mwaka 2014 na vyama viwili vya waganga wa matumbo ya watoto, kile cha Ulaya na kile cha Amerika ya Kaskazini, unaagiza kwamba choo kilichokwama kiondolewe kwanza. Kisha dawa ya kulainisha iendelee kwa muda usiopungua miezi 2, isiachwe kabla mtoto hajakaa walau mwezi 1 bila taabu yoyote, na ipunguzwe polepole. Mwongozo huo unaeleza pia kwamba kati ya watoto waliofikishwa kwa waganga bingwa wa maradhi hayo, karibu nusu hupona na kuachana na dawa baada ya miezi 6 hadi 12. Mtoto ambaye taabu inamrudia mara tu alipokatiwa dawa hajawa mtumwa wa dawa. Hajapona bado.

Hofu zenye msingi

Hata hivyo hatutaki kuwadharau wanaouliza, kwani historia inawapa haki. Kwa miaka mingi ya karne ya 20, dawa iitwayo fenoftaleini iliuzwa bila cheti cha mganga ili kufungua choo. Mwaka 1999 serikali ya Marekani iliiondoa katika dawa za kuuzwa huru, baada ya majaribio juu ya wanyama kuonyesha hatari ya kansa. Watu waliinunua wazi, waliizoea, na kuizoea huko hakukuwa uthibitisho wa usalama wake.

Siku hizi dawa inayopendekezwa kwanza kwa watoto ni makrogoli, ambayo ni unga wa kuchanganya na maji. Isipopatikana, hutumiwa laktulozi, ambayo ni dawa nzito ya maji yenye utamu. Zote mbili hushika maji ndani ya utumbo ili choo kiwe laini. Hazisukumi misuli ya utumbo kwa nguvu, na ni sehemu ndogo sana yake inayoingia katika damu. Laktulozi huleta gesi na kujaa kwa tumbo. Makrogoli ikizidi huleta kuhara. Kwa kawaida madhara hayo hupungua kipimo kikirekebishwa.

Lakini huko Marekani wazazi wengi walishtuka juu ya makrogoli. Karatasi ya dawa hiyo katika nchi ile yasema ni ya watu wenye miaka 17 na zaidi, tena kwa siku zisizozidi 7, ilhali waganga waliwaandikia watoto wadogo kwa miezi. Mwaka 2008 wakaguzi wa serikali walipopima dawa hiyo waliona ndani yake chembe kidogo za etileni glikoli na dietileni glikoli. Majina hayo yanatisha kwa haki. Ndiyo sumu iliyokutwa katika dawa za kikohozi zilizohusishwa na vifo vya watoto karibu 70 nchini Gambia, mwaka 2022, kwa figo zao kushindwa kufanya kazi. Wazazi wengine walieleza pia kwamba watoto wao walibadilika tabia walipotumia makrogoli.

Je, waliofanya utafiti waliwacheka wazazi hao? Hapana. Mwaka 2014 serikali ya Marekani ilitoa fedha ili hospitali ya watoto ya Philadelphia ichunguze jambo hilo. Waganga wengine, wa Columbus katika jimbo la Ohio, walipima damu ya watoto wachache waliokuwa wakitumia dawa hiyo, na mwaka 2018 walichapisha kwamba kemikali zile zilikuwa chini sana ya kiwango kinachodhuru. Chembe inayotafutwa kwa mashine kali ndani ya dawa si sawa na sumu iliyojaa ndani ya chupa. Kijana aliyesoma kidogo kemia ataelewa, naye anaweza kumweleza mama yake kwa upole.

Kuna jambo jingine ambalo wasomaji wa karatasi za dawa wanapaswa kulipima vizuri. Karatasi ya makrogoli ya watoto inayotumika Ufaransa husema kwamba matibabu ya mtoto yasizidi miezi 3. Anayesoma sentensi hiyo nusu atapiga kelele nyumbani kwamba baada ya miezi 3 dawa inageuka kuwa sumu. Anayeisoma mpaka mwisho ataona sababu iliyoandikwa: utafiti wa muda unaopita miezi hiyo umepungua. Upungufu wa utafiti si uthibitisho wa madhara, wala si uthibitisho wa usalama. Ni sababu ya kumrudia mganga na karatasi mkononi na kumwuliza: kwa nini tuendelee, kwa kipimo gani, na utamwona mtoto tena lini? Mganga anayeandika dawa ya miezi mingi bila kumwona mtoto tena hafanyi kazi yake yote, na mzazi ana haki ya kumwambia hivyo kwa heshima.

Zipo pia dawa za aina nyingine, kama bisakodili na sanamaki, ambazo huchochea misuli ya utumbo na mara nyingine huleta msokoto wa tumbo. Waganga huzitumia kama nyongeza, pale ambapo dawa ya kulainisha haikutosha. Kijana asikubali kuzinunua dukani kwa ajili ya mdogo wake kwa shauri la jirani.

Tunachokiogopa kidogo ndicho chenye hatari kubwa

Hapa ndipo maoni yetu yanapokuwa makali zaidi. Katika nyumba nyingi, mzazi yule yule anayeogopa unga ulioandikwa na mganga haogopi lavema. Mtoto, hata anayenyonya, hutiwa kwa njia ya nyuma maji ya majani, wakati mwingine yenye pilipili, kwa mpira ambao haukuchemshwa. Na jambo hilo hufanywa kila juma kama sehemu ya usafi. Hakuna karatasi inayoeleza kipimo cha majani hayo, wala hakuna aliyehesabu miezi. Lavema za namna hiyo zaweza kuunguza utumbo, kuutoboa, kumpotezea mtoto maji na chumvi za mwili, na kumtia sumu. Tena humwongezea mtoto woga wa sehemu ile ile inayomwuma, naye atazuia zaidi. Hata lavema za kiwandani zenye fosfati hazifai kwa mtoto aliye chini ya miaka 2, kwa kuwa zaweza kuvuruga chumvi za damu yake hata kumwua. Mafuta ya parafini anayonyweshwa mtoto kwa nguvu yaweza kuingia katika mapafu yake. Asali nayo isipewe mtoto aliye chini ya mwaka 1.

Yafaa mjue pia kwamba mtoto anayenyonya maziwa ya mama peke yake, akiisha kupita majuma ya kwanza, aweza kukaa siku kadhaa bila choo. Kama choo kikija ni laini, naye ananyonya, anacheka na kuongezeka uzito, hana ugonjwa wowote.

Hatusemi haya ili kijana asimame mbele ya bibi yake na kumhukumu. Bibi zetu walifanya walichofundishwa, tena kwa upendo. Mwambie: "Bibi, twende pamoja kituo cha afya, tumwulize muuguzi kwanza." Mwaliko kama huo humheshimu mkubwa na kumlinda mdogo.

Kuna dalili ambazo hazingoji majadiliano: mtoto mchanga ambaye hakutoa choo katika saa 48 za kwanza, mtoto aliyeanza kufunga choo katika mwezi wake wa kwanza, tumbo lililovimba sana, kutapika maji ya kijani, damu nyingi chooni, kukonda, miguu kulegea. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, wala asipewe kwanza dawa yoyote ya nyumbani.

Choo cha shule na cha parokia

Sisi tuliofunzwa ualimu tunajua kwamba ugonjwa huu una makao yake darasani pia. Kuna mwalimu anayemnyima mtoto ruhusa ya kutoka kwa kuwa anadhani ni mchezo. Kuna choo kisicho na mlango, ambamo wakubwa huwachungulia wadogo. Kuna tundu pana ambalo mtoto wa miaka 5 anaogopa kutumbukia. Mtoto huyo atazuia haja yake tangu kengele ya asubuhi mpaka saa ya kurudi nyumbani, na kesho yake vivyo hivyo. Tukimpa makrogoli nyumbani na kumwachia choo kile shuleni, tumefanya nusu ya kazi.

Hili ndilo jambo ambalo ninyi vijana mnaweza kulibadilisha bila kungoja mfadhili. Salongo ya Jumamosi inatosha kusafisha choo cha parokia, kutia komeo katika mlango, kuweka ndoo ya maji na sabuni, na kutengeneza kwa mbao mahali padogo pa watoto. Kiongozi wa kikundi cha watoto, aliye na wadogo mbele yake siku nzima, atangaze mwanzoni kwamba anayetaka kwenda chooni aende bila kuomba mara mbili. Naye mtoto aliyechafua nguo achukuliwe kando, aoshwe, apewe nguo nyingine, na jambo hilo lisirudi katika mazungumzo ya kikundi.

Nyumbani nako kuna kazi ya uvumilivu. Mtoto akalishwe chooni baada ya chakula, dakika 5 hadi 10, miguu ikiwa imekanyaga kitu imara, bila kukaripiwa asipofaulu. Anywe maji ya kutosha; ale maharage, sombe, lengalenga na matunda kama mapapai. Lakini mtoto ambaye choo kimekwisha kukwama hataponywa na papai peke yake, na kumlaumu mama kwamba hampikii vizuri ni kumwongezea mzigo.

Mfano wa kijana wa Goma

Mwaka 2025, tarehe 15 Juni, Kanisa lilimtangaza Floribert Bwana Chui kuwa Mwenye Heri. Alikuwa kijana wa Goma, mwana wa Jumuiya ya Sant'Egidio, na alifanya kazi katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa mpakani. Aliuawa mwaka 2007 kwa sababu alikataa rushwa ili chakula kilichoharibika kiingie na kuliwa na watu. Tunamtaja hapa kwa sababu ushuhuda wake ulihusu kitu kinachoonekana kidogo: kinachoingia katika tumbo la mtu mwingine. Hakuwajua watu ambao wangekula chakula kile, lakini aliuliza kwa niaba yao, akakagua, akasimama.

Kila mmoja wenu ana mpaka mdogo anaoulinda: mlango wa nyumba yake. Dawa isiyo na jina iliyochomwa na jua sokoni, dawa iliyopitwa na tarehe, majani yasiyo na kipimo, na habari ya simu isiyo na mwenyewe, vyote hupita hapo kabla ya kumfikia mdogo. Kukagua ni kuuliza jina la dawa, tarehe yake, kipimo na aliyeiandika. Lakini mkaguzi mwema hazuii kila kitu. Hupitisha kilicho chema. Dawa iliyoandikwa na mganga aliyemwona mtoto, inayofuatiliwa na kupunguzwa kwa utaratibu, ipite, na iendelee mpaka mwisho wake. Mwenye hekima Yoshua bin Sira, katika sura ya 38 ya kitabu chake, anatufundisha kwamba mganga na dawa vimetoka kwa Mungu. Kwa hiyo anayesali kwa ajili ya mgonjwa na kumtumia mganga hafanyi mambo mawili yanayopingana.

Yezu alipomfufua binti wa Yairo hakuishia katika muujiza. Aliwaagiza wazazi wampe chakula, kana kwamba anawakabidhi kazi iliyobaki, ile ya kila siku. Kazi ya namna hiyo ndiyo anayoihitaji mtoto anayefunga choo: kijiko kile kile cha dawa asubuhi, dakika chache chooni baada ya chakula, neno la upole nguo zikichafuka, na safari ya kurudi kituo cha afya hata kama inaonekana amepona. Tumwombe Bwana atujalie uaminifu huo.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Katika jamaa yetu, nani huamua dawa ya mtoto iendelee au iachwe, naye huamua kwa kumsikiliza nani?

2. Choo cha parokia yetu na cha shule yetu kikoje? Je, mtoto wa miaka 5 anaweza kukitumia bila woga na bila aibu? Salongo yetu ijayo itafanya nini?

3. Tumewahi kumcheka mtoto aliyechafua nguo? Tutasema na kutenda nini siku nyingine?